Faili la mama makao ya wazee bado linasema "anajitegemea", ila yeye si yule tena. Nani anatakiwa kumpima upya?

#1 BintiChihanga
Mbukwenyi wakuu.

Mama yangu ana miaka 78. Tangu Februari anaishi kwenye makao ya wazee hapa mkoani, jina la kituo naliacha. Mimi kazi yangu iko Nzuguni, natoka alfajiri narudi usiku, kaka yuko Geita, na nyumbani Chihanga hakubaki mtu wa kushinda naye.

Siku ya kupokelewa matroni alikaa naye kama nusu saa. Alimwuliza maswali, akamwambia atembee hadi mlangoni arudi, akampima uzito, akajaza karatasi. Niliiona, wino wa bluu, na chini kabisa imeandikwa "Anajitegemea. Anakula mwenyewe. Anaelewa."

Sasa ni Oktoba. Nikienda Jumapili nakuta sahani ya ugali na mlenda imebaki nusu, imeshapoa. Amekonda, kanga iliyokuwa inamzunguka mara moja na nusu sasa inamzunguka mbili. Kuna siku ananiita jina la dada yake ambaye ni marehemu. Lakini chooni anakwenda mwenyewe kwa kushika ukuta, na salamu anaitikia vizuri. Wahudumu wananiambia "uzee huo dada". Nikaomba faili. Nikakuta karatasi ile ile ya Februari, haijaongezwa hata mstari.

Je, kuna utaratibu? Mzee akibadilika anapimwa upya na nani, na baada ya kitu gani kutokea? Au mpaka ndugu wadai?

#2 Kibaigwa Sokoni
Naweka kambi hapa. Bibi yangu yuko hivyo hivyo ila sisi tuko naye nyumbani.

#3 Sauti ya Mpwapwa
Pole dada. Ila niseme ukweli kama mwenzako: mzazi halelewi na watu wa zamu. Mama aliyekunyonyesha anakuita jina la marehemu, hiyo ni dalili kwamba roho yake haipo pale. Mrudishe nyumbani, tafuta binti wa kijijini umlipe. Mengine ni makaratasi tu.

#4 MamaWatatu
#3 umeshawahi kumwacha mama wa miaka 78 na binti wa miaka 17 asiyejua dalili ya homa? Mimi nilifanya hivyo. Mama alianguka saa nne asubuhi, nikapigiwa simu saa kumi jioni kwa sababu binti aliogopa kufokewa. Tujibu alichouliza mwenzetu, mambo ya laana yana uzi wake.

#5 NesiWaZamu
BintiChihanga pole sana. Mimi ni muuguzi, wodi ya watu wazima, hapa hapa Dodoma.

Jibu fupi ni kwamba mgonjwa au mzee anapimwa upya anapobadilika, mwezi wowote ule. Huo ndio msingi wa uuguzi tunaofundishwa tangu mwaka wa kwanza: unakusanya taarifa, unaona tatizo, unapanga, unatekeleza, halafu unarudi kuangalia kama ulichopanga bado kinafaa. Karatasi ya siku ya kwanza inaeleza siku ya kwanza tu.

Ila kabla ya kusema ni uzee naomba unijibu haya. Ilianza ghafla au taratibu? Kuna saa anakuwa sawa na saa anapotea? Anapewa dawa gani, hata za mafua? Mkojo unamwuma au una harufu kali? Meno? Na huo ugali unaobaki, unabakije? Najua swali la mwisho la ajabu, ila nijibu.

#6 MrangiUghaibuni
Mimi ni mtu wa Kondoa, nafanya kazi makao ya wazee Marekani, jimbo la Ohio, mwaka wa tisa huu. Kule hili swali lako lina sheria yake. Bunge lao lilipitisha sheria ya makao ya wazee mwaka 1987, baada ya kelele nyingi kwamba wazee wanafungwa kamba vitandani na kupewa dawa za kulala. Kutokana na sheria hiyo kila mkazi anajaziwa fomu ndefu inaitwa MDS. Toleo tunalotumia, la 3.0, lilianza Oktoba 2010. Ina kila kitu: anavyokula, anavyojigeuza, anavyosikia, kumbukumbu, huzuni, maumivu, vidonda, mkojo, uzito, dawa.

Mzee akibadilika sana tunaanza upya fomu nzima, ndani ya siku 14 tangu abadilike.

#7 Ndala za Kushoto
Huko Marekani nilisikia wanapima mara moja kwa mwaka, hizo siku 14 zinatoka wapi?

#8 MrangiUghaibuni
#7 hapana. Ile kubwa ya kwanza inakamilika ndani ya siku 14 za kuingia. Halafu kuna fupi ya kila robo mwaka, zisipite siku 92 kati ya moja na nyingine. Kubwa inarudiwa kila mwaka. Na juu ya hizo zote kuna hii ya mabadiliko, ambayo haisubiri kalenda.

#9 FomuNdiyoKaziYangu
Mrangi nikurekebishe kidogo, maana mimi ndiye najaza hizo fomu, niko Texas. Siku 14 zinahesabiwa tangu timu iamue kwamba hayo ni mabadiliko makubwa. Siyo tangu mzee aanze kubadilika.

Na "makubwa" yana maana yake. Kushuka au kupanda ambako hakutaisha kwenyewe au kwa matibabu ya kawaida ya ugonjwa wenyewe, kunakogusa zaidi ya eneo moja la afya yake, na kunakolazimu watu wa fani mbalimbali wakae wapange upya huduma. Mzee akipata mafua akalala siku tatu, hayo siyo. Mwongozo unasema umwangalie, na kama baada ya wiki mbili hajarudi alivyokuwa, anza tathmini. Akiingia kwenye huduma ya mwisho wa maisha unafanya pia, hata kama mwili wake hujaona umebadilika.

#10 MrangiUghaibuni
Nakubali, nilikosea. Asante FomuNdiyoKaziYangu.

#11 Sauti ya Mpwapwa
Kwa hiyo timu ikichelewa "kuamua", siku 14 hazianzi hata kidogo. Mzee anaweza kukonda miezi mitatu wao bado hawajaamua. Mnaona hapo?

#12 FomuNdiyoKaziYangu
Naona, na wakaguzi nao wanaona. Wakija wanafungua daftari la zamu, wanakuta nesi wa usiku aliandika tarehe 3 "hakula", tarehe 5 "hakula", tarehe 9 "kalishwa". Wanauliza: mlikuwa mnasubiri nini? Ndiyo maana namwambia mleta mada, daftari la zamu lina nguvu kuliko faili. Omba kuona daftari.

#13 Mstaafu Ustawi
Habari zenu vijana. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, nimestaafu, naishi Manyoni. Niweke sawa upande wa huku kwetu.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka kwanza mwaka 2003. Mzee kwa Tanzania ni wa miaka 60 na kuendelea. Sera inasema familia na jamii ndio walezi wa kwanza, makazi ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo makazi ya serikali, kama Sukamahela hapa kwetu, Kolandoto kule Shinyanga au Fungafunga Morogoro, yanapokea mzee asiye na mtu. Kabla hajapokelewa afisa ustawi anafanya uchunguzi wa kijamii: ana watoto? ana shamba? nani alikuwa anamlisha?

Mimi nimeandika ripoti hizo nyingi sana. Nikizikumbuka leo, nilikuwa napima kama mzee ana mtu. Kama anaweza kufunga kifungo cha shati sikupima. Na baada ya kumkabidhi sikurudi kuuliza. Wengine niliowaandika "ana nguvu kiasi" nilikuja kuwaona miaka mitatu baadaye wamelala na vidonda vya mgongo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kituo cha binafsi au cha dini nacho kiko chini ya macho ya ustawi wa jamii wa halmashauri. BintiChihanga, andika barua fupi kwa kituo ukiomba mama apimwe upya, nakala kwa afisa ustawi wa halmashauri. Andika kwa heshima, uweke tarehe.

#14 MamaWatatu
Mzee #13 asante kwa kusema hayo bila kujificha.

#15 BintiChihanga
Asanteni wote. NesiWaZamu nakujibu.

Haikuanza ghafla, au niseme sikuwepo kuona kama ni ghafla. Mwezi wa saba alikuwa sawa. Jumapili moja mwezi wa nane nikakuta amechoka sana, wakasema alilala siku mbili. Dawa ni za presha, na wakati wa vumbi la Agosti alipewa Piriton za mafua, sijui zilikatishwa lini. Mkojo sijui. Meno anayo machache mbele. Halafu rafiki yake wa kitanda cha jirani, bibi mmoja wa Bahi, alifariki mwezi huo huo wa nane. Walikuwa wanapiga hadithi Kigogo usiku kucha.

Ugali unabaki upande mmoja. Nusu inaliwa safi kabisa kama imekatwa na kisu, nusu haijaguswa.

#16 Mzee wa Hadithi
Hapo mmeshapewa jibu. Bibi wa Bahi. Mzee akifiwa na anayeongea naye lugha yake, anaacha kula. Baba yangu aliacha kula alipofiwa na mwenzake wa bao. Madaktari waliita sonona. Sisi tulitafuta mzee mwingine wa bao, akala.

#17 Daktari Mtarajiwa
Nusu-nusu wakuu. "Saa anajua, saa anapotea" bado hajatujibu vizuri, ila kama ipo, hiyo ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, si ugonjwa wa kusahau. Kwa wazee inaletwa na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria, kukosa maji, choo kigumu, na dawa. Piriton kwa mtu wa miaka 78 inatosha kabisa kumvuruga akili. Tathmini ifanyike baada ya kutibu chanzo, vinginevyo mtaandika "amepoteza akili" kumbe ni UTI, na karatasi hiyo itamfuata maisha yake yote.

#18 NesiWaZamu
#17 nakubaliana nawe nusu. Kutibu chanzo, ndiyo. Kusubiri kupima mpaka atibiwe, hapana. Leo anahitaji msaada wa kula, kwa hiyo leo iandikwe anahitaji msaada wa kula, ili mhudumu wa zamu ya mchana ajue ni kazi yake. Akipona mnafuta mnaandika upya. Karatasi iwe ya penseli kichwani mwenu.

Sasa nije kwenye sahani. Kuna orodha ya zamani ya daktari mmoja, Katz, ya mwaka 1963, inapima mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Katz aliona kwamba watu wengi wanapoteza hayo kwa mpangilio. Kuoga ndiko kunatangulia kupotea. Kula ndiko kunachelewa kuliko yote.

Mama wa mwenzetu choo anaenda mwenyewe, ila kula ndiko kumeharibika. Mpangilio umepinduka. Uzee peke yake haufanyi hivyo. Kuna kitu kimemzuia kwenye sahani hasa.

BintiChihanga, ni upande gani unaobaki? Na ana tabia gani nyingine ya upande huo? Kujigonga mlangoni, kuvaa kiatu kimoja?

#19 Ndala za Kushoto
Naona jina langu linakaribia kutajwa.

#20 BintiChihanga
Nesi umenitoa jasho. Kila nikienda naitafuta ndala ya kushoto. Nimemnunulia jozi tatu tangu Agosti, nikidhani wanaibiana. Na bega la kushoto lina alama, wakasema anagonga fremu ya mlango wa choo. Upande wa ugali sijui kwa kuwa sahani huwa imeshasogezwa. Jumatano naomba ruhusa kazini nikae naye mlo mzima.

#21 Mvumi Makulu
Hayo ni macho. Mtoto wa jicho. Mama yangu mkubwa alikuwa anamwaga chai pembeni ya kikombe, watu wakasema amechanganyikiwa. Alitolewa mtoto wa jicho, siku iliyofuata akaanza kuhesabu kuku kwenye ua na kuuliza wawili wako wapi. Wameliwa mwezi mzima yeye haoni.

#22 NesiWaZamu
#21 inawezekana, na macho lazima yaangaliwe. Ila mtoto wa jicho unaweka ukungu kote, hauchori mstari katikati ya sahani. Hata mwenye jicho moja bovu huzungusha kichwa akaiona sahani yote. Ninachokihofia ni kiharusi kidogo, upande wa kulia wa ubongo wa nyuma. Mkono na mguu vinaweza kubaki na nguvu, mdomo usipinde, ila upande wa kushoto wa dunia ukafutika kwake. Zile siku mbili za Agosti alizolala ndizo ninazotaka kuzijua.

Jumatano fanya hivi. Akiacha kula, usimwambie kitu, izungushe sahani polepole ili kilichobaki kije upande wa kulia kwake. Uone.

#23 Kongwa Juu
Naomba niongeze upande ambao hamjaugusa, kwa sababu wote mnaongelea kushuka.

Babu yangu alivunjika nyonga. Alipokelewa kwenye kituo kimoja (sikitaji, hakipo Kongwa) akiwa wa kulala kabisa. Wakaandika: mpira wa mkojo, pampasi, kulishwa, kitimwendo. Sawa, ndivyo alivyokuwa. Baada ya miezi miwili na nusu nyonga ilishika. Babu alikuwa na mikono ya mtu aliyepiga jembe miaka 60, anajivuta kwenye fremu ya kitanda mpaka anakaa. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mjukuu, mimi naweza kusimama, ila hawa wananifunga."

Nilimwambia mhudumu. Akafungua faili, akanionyesha: "Huyu ni wa kulala, imeandikwa hapa." Babu amekaa mbele yetu, miguu inagusa chini! Tulibishana na karatasi wakati mtu yuko pale pale.

Alikaa na pampasi miezi mitano ya bure. Mpira wa mkojo ukamletea maambukizi mara mbili. Tulipopata mtu wa mazoezi ya viungo akamsimamisha, miguu ilikuwa imeshakuwa vijiti kwa kukosa kazi. Alitembea tena, ndiyo, kwa fimbo mbili. Naamini angetembea kwa moja kama wangempima upya siku ile aliyojivuta.

#24 FomuNdiyoKaziYangu
Kongwa Juu pole. Ndiyo maana kanuni inasema kushuka AU kupanda. Kupanda ndiko watu wanakosahau, kwa kuwa mzee aliyepata nafuu halii.

#25 Sauti ya Mpwapwa
#23 imenigusa. Naondoa ukali wa #3, siyo maneno yote. Ila nauliza kwa dhati: wahudumu wenyewe wako wangapi? Ukute wawili kwa wazee 30. Unamwambia ampime nani upya na saa ngapi? Tatizo ni mikono.

#26 MhudumuKimya
Sijawahi kuandika humu. Mimi ni mhudumu wa makao, siyo ya mama wa mleta mada. Usiku tuko wawili. Sisi tunaona mzee anapobadilika kabla ya mtu yeyote, kwa sababu tunamvua na kumvisha. Mimi najua huyu mkono wake wa kushoto leo haukuingia kwenye shati peke yake. Ila hakuna pa kuliandika. Faili liko ofisini kwa matroni, limefungwa. Nikimwambia asubuhi ananiambia "sawa", halafu anapokea simu ya wafadhili. Nikirudia naonekana najifanya nesi. Kwa hiyo mtu anazoea kunyamaza.

Tungepewa daftari moja tu la kila chumba, na kalamu imefungwa kamba.

#27 NesiWaZamu
MhudumuKimya, mkono ambao haukuingia kwenye shati ndiyo tathmini yenyewe. Endelea kusema.

#28 Mjomba Ujerumani
Kuna jambo la fedha pia. Vituo vingi na hata ndugu wanaogopa kupima upya kwa sababu kiwango kikipanda, malipo yanapanda. Huku Ujerumani tangu Januari 2017 kuna madaraja 5 ya uhitaji, zamani yalikuwa 3. Waliweka kwamba ndani ya kituo kimoja mchango wa huduma anaotoa mzee mwenyewe ni ule ule kuanzia daraja la 2 hadi la 5. Lengo mojawapo ni hilo hilo, familia isiogope kuomba mzee apandishwe daraja.

#29 MrangiUghaibuni
Huku Marekani ni kinyume, malipo ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) yanafuata ile fomu ya MDS, kwa hiyo kuna vituo vina hamu ya kuonyesha mzee ni mgonjwa sana. Kila mfumo na shimo lake.

#30 Kibaigwa Sokoni
Swali la kando. Mmetaja uzito. Bibi yangu hawezi kusimama kwenye mzani. Nitajuaje amekonda?

#31 Ndala za Kushoto
Wewe uko Kibaigwa, mizani ya mahindi imejaa! Ila usimpeleke kwa wale wa lumbesa, bibi atasomeka gunia na nusu.

#32 NesiWaZamu
Kweli kabisa inafaa, kama mzani ni mzima. Mbebe, mpimwe pamoja, kisha upimwe peke yako, utoe. Au chukua futi ya fundi cherehani uzungushe kwenye nyama ya mguu chini ya goti, pale ilipo nene. Kwa mzee, chini ya sentimita 31 ni ishara mbaya. Andika na tarehe, rudia kila mwezi, mguu ule ule.

#33 Daktari Mtarajiwa
Kwa kulinganisha, vipimo wanavyotumia makao ya Marekani ni kupungua asilimia 5 ndani ya siku 30, au 10 ndani ya siku 180.

#34 BintiChihanga
Wakuu nimetoka kituoni. Nimekaa tangu saa tano hadi saa tisa.

Kwanza nilimpelekea matroni barua kama alivyoshauri mzee #13. Hakukasirika. Alinyamaza, kisha akaniambia, "Dada, mimi fomu ya pili sina. Tulipewa ya kupokelea tu." Nikamwambia tuchukue karatasi nyeupe. Tukachukua.

Tumempima uzito. Februari 54, leo 48. Daktari Mtarajiwa, ni zaidi ya asilimia 11.

Chakula kilikuja saa saba na nusu, ugali wa uwele na mlenda, na kipande cha samaki. Mama akala vizuri, mkono wake wenyewe, hajamwaga. Akafika katikati akanawa. Kilichobaki ni cha kushoto, na samaki alikuwa huko huko kushoto. Nikaizungusha sahani taratibu kama nesi alivyosema. Mama akaangalia, akasema, "Kumbe kuna samaki." Akamla wote, akamaliza na ugali.

Matroni alikuwa amesimama nyuma yangu. Alishika mdomo kwa mkono.

Miezi miwili mama yangu analala na njaa, chakula kiko sentimita ishirini kutoka kwenye mkono wake. Nimelia kwenye daladala mpaka Nzuguni, sioni aibu kusema.

#35 MamaWatatu
Na mimi nimelia hapa dukani.

#36 NesiWaZamu
Mungu akutie nguvu. Sasa usichelewe: hospitali, presha ipimwe, sukari ipimwe, waeleze sahani na ndala. Na pale kituoni, kuanzia jioni hii, sahani yake iwekwe kulia na izungushwe, na maji ya kunywa yakae kulia kwa kitanda.

#37 Mvumi Makulu
Macho pia yapimwe jamani, sijaondoka kwenye hoja yangu. Kuna ugonjwa wa presha ya jicho unakula upande wa kuona kimya kimya.

#38 Mzee wa Hadithi
Na kuita jina la marehemu dada yake? Sahani haielezi hilo. Upweke bado uko pale.

#39 Daktari Mtarajiwa
#34, zile asilimia 10 ni ndani ya siku 180, na Februari hadi Oktoba ni kama siku 240. Hatujui alipungua lini. Kama zote zimetoka tangu Agosti, ni hali mbaya zaidi ya inavyoonekana. Mzani uko pale kituoni, ila hakuna aliyempandisha tena tangu siku ya kwanza.

#40 Sauti ya Mpwapwa
Naomba kuuliza, wakimpima kumbukumbu hospitalini wasimpe yale maswali ya kuandika sentensi na kuchora maumbo. Mama yangu hakusoma, walimpa kalamu akatetemeka, wakaandika kichwa kimeharibika.

#41 NesiWaZamu
Hoja nzuri sana. Kile kipimo maarufu cha kumbukumbu cha mwaka 1975, MMSE, kina sehemu hizo, na kinawaonea wasiosoma. Kuna kingine kilitengenezwa na watafiti waliofanya kazi Hai, Kilimanjaro, kinaitwa IDEA. Mzee anapanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano, na kukumbuka maneno anayosomewa. Kalamu haihitajiki. Mleta mada, kitaje. Ila kwa mama mwambie mpimaji aweke vijiti upande wa kulia.

#42 BintiChihanga
Mrejesho mfupi. Tumeenda hospitali. Mkojo umekutwa na maambukizi, ameanzishwa dawa. Presha ilikuwa juu sana. Daktari anasema kiharusi kinawezekana, ameandika picha ya kichwa na kliniki ya macho, yote wiki ijayo. Piriton, ilikuwa bado inatolewa kila usiku tangu Agosti. Hakuna aliyeandika siku ya kusimamisha.

Kwa hiyo kila mmoja wenu amepata kitu, na bado hatujui ni kipi kilianza.

Karatasi nyeupe matroni ameichapisha. Sasa ina tarehe juu, na sehemu ya mhudumu wa usiku kuandika. Kwa mama imeandikwa: "Sahani izungushwe. Aitwe kwa upande wa kulia. Apimwe uzito kila Jumatatu. Apate wa kuongea naye Kigogo." Hiyo ya mwisho niliomba mimi, kwa ajili ya mzee #16.

#43 MhudumuKimya
Naomba picha ya hiyo karatasi, BintiChihanga. Ifute jina la mama.

#44 Kibaigwa Sokoni
Bibi nimempima mguu kwa futi ya fundi, sentimita 29. Nimejaribu na sahani. Yeye anaacha pande zote, na akimeza anakohoa. NesiWaZamu ukiwa hewani naomba unisaidie, naanzia wapi?

#45 NesiWaZamu
Nipo. Usimlishe akiwa amelala, mkalishe wima kabisa. Niambie, anakohoa kwa maji, kwa ugali, au vyote?